Burko Aliyepona Kwenye Karatasi

Mnara wa Kilima cha Kunguru,
Kaskazini mwa Alberta
Jumapili, 4 Mei 1997

Wifi Glenda,

Helikopta imenishusha leo asubuhi na masanduku yangu ya chakula. Rubani, Lyle, amekubali kuningoja dakika ishirini ili aondoke na barua hii. Kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema, na wewe usinune.

Najua hukutaka kumpokea Burko. Ulikubali kwa sababu nilikuwa nimeshamshusha kwenye gari na ameshaingia jikoni kwako. Lakini kumbuka, Walter alipofariki wewe ndiye uliyenikabidhi mbwa wake, siku ya tatu tu baada ya kumzika kaka yangu. Ulisema huwezi kumtazama. Nilimchukua bila swali. Sasa nakuomba ukae naye miezi minne, mpaka majira ya moto wa msituni yaishe wanishushe mnarani.

Ningeweza kuja naye kama miaka mingine, ningekuja naye. Ila uliona alivyorudi Septemba iliyopita: tumbo linavuja damu, makwapa meusi na magumu kama ngozi ya tembo, masikio yananuka jibini iliyooza. Huku maji yangu ni ya mvua, ya pipa moja, na daktari hafikiki. Simu haishiki, na redio ni ya kuripoti moshi, si ya kuulizia mbwa.

Daktari Gagnon anaamini ni mzio wa chakula. Mbwa hasemi, kwa hiyo njia ya kujua ni moja: wiki nane ale chakula kimoja ambacho hajawahi kukila. Akipona, adui alikuwa kwenye bakuli. Asipopona, basi ni chavua au vumbi, na tutaanza safari nyingine. Lakini kipande kimoja tu cha kitu kingine kikimpita kooni, tunarudi mwanzo.

Nimekuwekea karatasi ya pili. Ibandike kwenye friji, na usiifunike na kalenda.

Orysia

*

[Karatasi ya pili]

Burko, miaka saba. Wiki nane zinaanza Jumatatu tarehe 12 Mei, atakapomaliza vidonge vya vidonda, maana vile vimetiwa ladha ya nyama. Kuanzia hapo ni samaki na viazi kutoka kwenye mfuko wa daktari, vikombe viwili asubuhi na viwili jioni, na maji. Hakuna biskuti, hakuna mfupa, hakuna makombo ya mezani, na wageni waambiwe. Aogeshwe Jumanne na Ijumaa kwa shampuu ya dawa, maji ya vuguvugu, povu likae mwilini dakika kumi za saa, si za kukisia. Ukimwimbia anatulia. Masikio yasafishwe Jumapili kwa pamba na ile dawa ya chupa ya bluu, usiingize kijiti. Akitoka nje afutwe nyayo na tumbo kwa kitambaa chenye maji, kisha akaushwe katikati ya vidole. Dawa ya viroboto apakwe shingoni kila tarehe mosi. Akijikuna usimgombeze, hajikuni kwa ukaidi. Jumatatu tarehe 7 Julai, saa nne asubuhi, apelekwe kwa Daktari Gagnon.

*

Spirit River
17 Mei 1997

Wifi mpendwa,

Karatasi yako iko kwenye friji, juu ya kalenda, kama afande alivyoamuru.

Jana nilimwogesha. Au tuseme tulioga wote, maana nilitoka bafuni nimelowa mpaka soksi. Dakika kumi za povu, Orysia! Wewe umewahi kulishika dume la kilo thelathini na nane kwenye bafu dakika kumi, ukiwa na mgongo wa miaka sitini na mmoja? Nilimwimbia. Akaanza kulia. Phyllis wa jirani akaja kubisha hodi kuuliza nani anachinjwa humu ndani.

Alikuja na soseji mkononi. Nikamwambia, "Phyllis, rudisha huo mkono."

"Kidogo tu, maskini."

"Hata harufu."

"Mbwa mzima mnamfunga jela?"

"Ndiyo, na askari jela yuko juu ya mnara anatutazama na darubini."

Akaila soseji mwenyewe, palepale, akimwangalia Burko machoni. Nadhani hiyo ndiyo dhambi kubwa kuliko zote.

Bado anajikuna sana. Mchana kutwa analala mbele ya mlango wa karakana ya Walter akijitafuna miguu. Nimempitisha mlango wa nyuma ili asahau, lakini anazunguka nyumba anarudi palepale.

Mwandiko wangu usikushangaze. Kidole gumba kina bandeji, nilijikata nikimenya viazi.

Wifi yako,
Glenda

*

Mnara wa Kilima cha Kunguru
31 Mei 1997

Wifi,

Lyle ameleta barua yako pamoja na vitunguu vilivyooza nusu gunia. Anasubiri.

Wiki tatu ni mapema, usikate tamaa na usianze ubunifu. Nakujua, Glenda. Ulimlisha kaka yangu siagi na huruma miaka thelathini na minne, na mbwa wake utataka kumfanyia hivyo hivyo. Kwa Burko huruma ya mkononi ni sumu. Phyllis akirudi na soseji, mfungie mlango.

Hukuniambia masikio yanaendeleaje. Hukuniambia ngozi ya tumbo ina rangi gani. Niandikie hayo, si habari za soksi. Na usinipambie maneno. Kazi yangu huku ni kutazama upeo wa macho siku nzima na kusema ninachokiona, moshi ni moshi, ukungu ni ukungu. Na wewe nifanyie hivyo.

Dubu mweusi alikaa chini ya ngazi siku mbili. Burko angekuwepo angembwekea.

Orysia

*

Spirit River
9 Juni 1997

Wifi Orysia,

Kaa chini kwanza. Umekaa?

Hajitafuni tena nyayo. Nimeandika sentensi hiyo nikaisoma mara mbili, nikaona niiache kama ilivyo. Ile rangi ya kutu iliyokuwa katikati ya vidole kwa ajili ya kulamba imeanza kufifia. Tumbo lilikuwa jekundu kama nyama mbichi, sasa ni la waridi, na kule makwapani ngozi ngumu inabanduka vipande vyembamba kama maganda ya kitunguu. Masikio: ile harufu imekwenda. Jumapili nilisafisha, pamba ikatoka na uchafu kidogo tu wa kahawia.

Kuoga nako tumeelewana. Nimegundua anapenda wimbo wa polepole. Anaweka kidevu juu ya ukingo wa bafu na kufumba macho, mpaka saa ikilia dakika kumi zimekwisha ndiye anayekataa kutoka.

Alasiri analala kwenye ngazi za mbele, kwenye jua. Sasa anatazama barabara, haendi tena karakana.

Nilidhani utapenda kujua.

Glenda

*

Mnara wa Kilima cha Kunguru
21 Juni 1997

Dada Glenda,

Nimelisoma neno hilo la juu nikaona halijakosewa, basi libaki.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi za mnara, katikati, kwa sababu sikuweza kungoja kufika juu. Lyle alidhani nimepata habari ya msiba. Nilikuwa nalia kama mtoto aliyepotea sokoni. Maganda ya kitunguu! Miaka mitatu nimeiparura ile ngozi kwa mafuta na dawa za kila namna, na wewe umeibandua kwa wiki nne na wimbo wa polepole.

Nina jambo la kukuambia, nalo nimekaa nalo muda mrefu. Siku tuliyomzika Walter, jikoni kwako, nikiwa nakausha sahani na wale akina mama wa kanisa, nilisema kwamba ungempeleka hospitali mapema angekuwa hai. Nilisema kwa sauti. Nilipogeuka ulikuwa mlangoni na sinia la pirohi zilizojazwa viazi mikononi. Uliliweka sinia mezani ukauliza nani anataka vitunguu vya kukaanga zaidi.

Ulisikia. Nimejua siku zote kwamba ulisikia. Na nilikuwa nasema uongo, dada. Walter mwenyewe ndiye aliyekataa kwenda hospitali. Aliniambia mimi kwa simu, kabla sijapanda mnarani, na mimi nikamwacha akatae. Nilitafuta mtu wa kubeba mzigo huo nikakubebesha wewe. Nisamehe kama unaweza. Kama huwezi, endelea tu kumwogesha Burko.

Nikishuka nitakupikia kila kitu ninachojua kupika.

Dada yako,
Orysia

*

Spirit River
4 Julai 1997

Dada Orysia,

Barua yako nimeiweka kwenye mkoba wangu. Naenda nayo dukani, naenda nayo kanisani. Kila nikiisoma nashindwa kuijibu.

Nilisikia, ndiyo. Nilisimama pale na sinia nikajiambia, huyu amefiwa na kaka, mwache aseme. Lakini nilirudi na maneno hayo kitandani, na mwaka mzima nikawa naamka nayo. Nimekusamehe, Orysia. Nakuandikia na machozi yananidondoka, tazama pale wino ulipotanuka.

Burko anaendelea vizuri mno. Manyoya yameota mgongoni, mafupi na laini kama ya kifaranga, yana rangi nyeusi kuliko ya zamani. Amenenepa kidogo. Jana alimfukuza sungura mpaka kwenye shamba la jirani akarudi amejaa maua ya manjano ya rapa, lile zao la mafuta. Nikamfuta nyayo na tumbo kama ulivyoandika. Wala hakujikuna hata mara moja. Jumatatu nitampeleka kwa Daktari Gagnon, saa nne kamili, nimeshamwambia Phyllis atuendeshe.

Nakungoja ushuke.

Dada yako,
Glenda

*

Kliniki ya Mifugo
8 Julai 1997

Bi. Orysia,

Natumaini barua hii itakufikia kwa helikopta inayofuata. Nimejaribu kupitia ofisi ya misitu wakuite redioni. Wamesema redio ni ya moto tu.

Kwanza, Burko amepona. Nimempima jana: ngozi safi, masikio safi, uzito umeongezeka, manyoya yanarudi. Sijawahi kuona jaribio la chakula lililofanywa kwa uangalifu kama hili. Nimeletewa daftari lenye kila mlo, kila kuoga, hata idadi ya mara alizojikuna kwa siku.

Pili, ni hili linalonifanya nikuandikie. Burko hakuletwa na wifi yako. Ameletwa na mzee anayeitwa Arvid Stensrud, mkulima wa kule La Glace, ambaye anasema mbwa ni wake tangu tarehe 30 Mei. Alipewa na Bi. Glenda pamoja na karatasi ya maagizo yenye jina langu na miadi ya jana. Nilipotaja jina lako alishangaa. Akasema, "Daktari, mwenye mbwa si amefariki?" Nikamwambia nina barua yako mezani, ya mwezi uliopita wa Juni, na kwamba marehemu anaandika vizuri sana.

Hakuona cha kucheka, na baadaye mimi pia sikuona.

Kitabibu bado hatua moja: kumrudishia vyakula vya zamani kimoja kimoja, tuone kipi kinamwasha. Mzee Arvid amekataa kabisa. Anasema marehemu hakuandika hivyo. Nahitaji neno lako.

Pole sana.

Dkt. Mireille Gagnon

*

Mnara wa Kilima cha Kunguru
18 Julai 1997

Glenda,

Barua mbili zimekuja kwenye mfuko mmoja leo. Nilifungua yako kwanza. Nilimsomea Lyle kwa sauti, yale ya sungura na maua ya rapa. Akasema, "Una wifi mzuri." Nikamwambia si wifi, ni dada.

Kisha nikafungua ya daktari.

Ulimtoa tarehe 30 Mei. Tarehe 9 Juni ukanielezea maganda ya vitunguu. Ni ngozi ya nani uliyokuwa unaiona? Kidevu cha nani kilikuwa juu ya ukingo wa bafu lako?

Na juu ya hayo umeniua. Umekwenda kwa mtu ukamwambia nimekufa.

Lyle anawasha injini. Nimekuandikia mambo ambayo sijamwambia hata padri, Glenda.

O.

*

Spirit River
24 Julai 1997

Orysia,

Nitaanza na kidole, kwa sababu ndipo yote yalipoanzia.

Sikujikata na kisu. Burko aliniuma nilipokuwa namsafisha masikio. Walinishona nyuzi nne. Hakuwa na kosa, masikio yalikuwa yanamuuma na mimi nilibonyeza vibaya. Sikukuambia kwa sababu nilijua utaniambia nilibonyeza vibaya.

Niliendelea. Usiku sikulala, mchana nikawa nasafisha damu kwenye zulia. Hayo ningeyavumilia. Lakini alipokuwa anajikuna, mguu wa nyuma ulikuwa unagonga sakafu, du, du, du. Orysia, hukuwepo zile wiki za mwisho, ulikuwa huko mnarani wako na hukushuka mpaka wakakutumia mtu. Walter alikuwa hawezi tena kuita. Alikuwa anagonga ukuta kwa ngumi akitaka maji. Du, du, du. Kila Burko alipojikuna nilikuwa nainuka. Sikuwa naamua, miguu ilikuwa inakwenda yenyewe. Nafika chumbani nakuta kitanda kimetandikwa. Mara kumi kwa siku, mara ishirini. Siku niliyojikuta nimebeba glasi ya maji mkononi, ndiyo siku niliyokwenda duka la vyakula vya mifugo kuulizia kama kuna mtu anataka mbwa.

Arvid alikuwa pale ananunua chumvi ya ng'ombe. Mbwa wake alikufa wakati wa baridi. Akaniuliza, "Mwenyewe yuko wapi?" Nikamjibu, "Mwenyewe amefariki." Nilikuwa namaanisha Walter. Burko ni wa Walter. Nilijua vilevile kwamba yeye hataelewa hivyo, na sikumsahihisha. Nikampa karatasi yako. Aliikunja akaiweka ndani ya kofia yake, akasema, "Nitafuata kila neno."

Tarehe 9 nilikaa kukuandikia ukweli. Nilikuwa nimeshaandika "Kaa chini kwanza." Halafu nikakuona ukishuka ngazi za ule mnara kwa hasira, ukiacha kazi, ukija kunisimamia jikoni kama siku ile ya mazishi. Nikaandika kwamba hajitafuni tena nyayo. Ilikuwa sentensi nzuri. Zilizofuata hazikunipa shida hata kidogo, na hilo linanitisha mpaka leo.

Ningejisahihisha kwenye barua iliyofuata. Lakini barua iliyofuata uliniita dada. Miaka thelathini na minne nimeolewa kwenu, nimekuwa "mke wa Walter" na "yule Mwingereza". Ningekujibu nini? Kwamba dada unayemshukuru hayupo?

Kuhusu kukusamehe, ile haikuwa uongo. Ule wino ulitanuka kweli.

Sikuombi kitu sasa. Ila mwaka mzima huu nimekuwa nawaza Krismasi yenu ya Januari, ya kalenda ya kale ya kanisa lenu, ule mlo wa vyakula kumi na viwili, kwamba safari hii labda nitaketi kama mtu wa nyumbani. Niambie kama nije au nisije. Lolote utakalosema nitalifuata.

Glenda

*

La Glace
26 Julai 1997

Bibi Orysia,

Mimi si mwandishi. Nafurahi kwamba hujafa, ingawa imenivuruga.

Nilipewa mbwa wako na karatasi. Niliichukua kama wosia. Baba yangu alinifundisha, wosia wa mtu hauongezwi wala haupunguzwi. Kwa hiyo niliposoma dakika kumi za saa, nilitumia saa. Uliposema aimbiwe, nikaimba, na mimi sijaimba tangu mke wangu alipozikwa, tena kanisani walikuwa wananiomba ninyamaze. Nyimbo zangu ni za Kinorwe, na nadhani hakuelewa, lakini alitulia kama ulivyosema.

Wiki ya kwanza kwangu alijikuna mara mia moja na kumi na sita kwa siku, nilizihesabu. Wiki ya saba ya karatasi yako, mara kumi na tisa. Wiki ya nane, siku mbili mfululizo hakujikuna kabisa, nikadhani anaumwa.

Mbwa ni wako. Mimi si mwizi wala sipokei cha wizi. Ukishuka nitakuwa nimemwogesha. Nakuomba jambo moja: mpaka wakati huo usimtume mtu mwingine kuja kumchukua. Uje mwenyewe, nikuone kwamba upo.

Kuhusu kumpa vyakula vya zamani, sasa kwa kuwa mwenye wosia yu hai, niandikie ruhusa kwa mkono wako.

Arvid Stensrud

*

Spirit River
3 Septemba 1997

Orysia,

Imepita helikopta moja, ikapita ya pili. Nimemuuliza yule mama wa ofisi ya misitu kama uko salama. Amesema uko salama na unaripoti kila asubuhi.

Naelewa.

Glenda

*

Spirit River, nyumba ya bondeni
12 Oktoba 1997

Glenda,

Nimeshuka tangu katikati ya Septemba. Niko maili nne kutoka kwako, na bado naandika, kwa sababu nikifika mlangoni kwako nitasema mambo kama yale ya jikoni, na hayo tayari yametosha.

Ni kuku. Nilimwandikia Arvid ruhusa, mwezi wa Agosti wakampa nyama ya ng'ombe, hakuna kitu. Maziwa, hakuna kitu. Kuku kijiko kimoja, na siku ya tatu masikio yakawaka na miguu ikatafunwa. Walter alikuwa anampa ngozi ya kuku kila Jumapili baada ya misa, unakumbuka, anaketi kwenye ngazi na sahani. Alipokufa niliendeleza desturi, kwa heshima yake. Miaka mitatu nimempaka dawa kwa mkono huu na kumlisha kuku kwa mkono huo. Kwa hiyo usidhani nakuandikia nikiwa msafi.

Tarehe 20 Septemba nilikwenda La Glace kumchukua. Alinitambua. Alinizunguka akilia, akanilamba mpaka kwenye viwiko. Ana manyoya meusi laini mgongo mzima. Ulikuwa umeyaeleza vizuri mno, na hukuwahi kuyaona, na hilo sijui niliweke wapi moyoni. Arvid alinikabidhi blanketi, shampuu, na daftari lake, akaingia ndani kabla sijawasha gari.

Siku nne Burko hakula. Samaki yuleyule, viazi vilevile, vikombe viwili. Alikaa dirishani. Nilimwimbia. Aliinua masikio, akanitazama kwa adabu, kama mgeni anayengoja mwenyeji amalize hotuba, kisha akarudi dirishani. Siku ya tano nilimpakia kwenye gari.

Arvid alitoka na buti mguu mmoja. "Kuna nini?"

"Hali."

"Hata samaki?"

"Hata samaki."

Akachukua bakuli mikononi mwangu, akaliweka chini pale pale kwenye matope. Burko akala lote.

Tukasimama wazee wawili tukitazama mbwa akilamba bakuli. Arvid akasema, "Kama ni mimi nimemfundisha vibaya, samahani." Nikamwambia hapana, umemfundisha kwamba mtu akisema atakuwepo, anakuwepo. Nikarudi peke yangu. Nadhani nililia mpaka kwenye njia panda, nikasimamisha gari kwa sababu sioni.

Basi umeshinda, Glenda, bila kutaka kushinda. Burko ni mzima, yuko panapomfaa, na aliyemfikisha huko ni wewe. Kama ningemkuta amekufa ningejua la kufanya na hasira yangu. Sasa nayo haina pa kukaa. Nikikulaumu, nakulaumu kwa mbwa aliyepona.

Lakini si mbwa tu uliyenidanganyia. Nimesoma barua zako tena, zote, nikiwa na daftari la Arvid kando. Tarehe 9 Juni uliandika nyayo haziguswi. Arvid ameandika siku hiyo alijikuna mara themanini na tatu. Tarehe 4 Julai uliandika hakujikuna hata mara moja. Arvid ameandika sifuri. Ulipokisia ukapatia, ulipokisia ukakosea, na sauti ni ileile. Kisha nafika pale uliposema umenisamehe. Sauti ni ileile. Umesema wino ulitanuka kweli. Inawezekana. Nimekaa na karatasi hiyo kwenye mwanga wa dirisha na siwezi kujua kama ni chozi au ni maji ya bombani. Nilikufungulia kitu ambacho sijawahi kumfungulia mtu, na sijui aliyekipokea ni nani.

Kuhusu wiki za mwisho za Walter, na ile ngumi ukutani: hilo nimeliamini. Hukuwa na sababu ya kulitunga. Na kweli sikushuka. Niliambiwa mara mbili na sikushuka. Hilo nitalibeba mwenyewe, sitakupa tena ulibebe.

Umeuliza kuhusu Krismasi. Mwaka huu usije. Nitapika vyakula kumi na viwili nivile na binamu zangu, na wakiuliza uko wapi nitasema tumekosana, basi, sitasema zaidi ya hapo.

Ukitaka kujua kuhusu mwaka ujao, usiniandikie. Barua zako siwezi tena kuzisoma. Panda gari, uje, usimame mlangoni nikuone uso, uniulize kwa mdomo wako. Siahidi nitakachojibu. Ila nitafungua.

Orysia